Nyota Nyekundu ya Baba

Wiki jana niliwaacha nikiwa jikoni kwetu, hapa Toledo, mguu mmoja una soksi na mwingine hauna, nimeganda na simu mkononi. Ujumbe ulikuwa umeingia kwenye ukurasa wangu: "Mizani, njoo Alhamisi saa tano asubuhi, ofisi za timu. Njoo peke yako."

Kama hukuwepo, nikukimbizie haraka.

Mimi ni Nolan Juhasz, miaka ishirini na tatu, naishi kwa wazazi. Nina ukurasa unaitwa Mizani ya Vioo, wafuasi elfu arobaini na moja, na hakuna hata mmoja anayejua ni mimi. Kazi yangu pale ni moja. Nachukua wachezaji wote ambao timu yetu ya futiboli ya Kimarekani, ule mpira wa kushika mikononi na kukimbia nao, Wapuliza Vioo wa Toledo, imewachagua miaka kumi na moja iliyopita, nampa kila mmoja alama, na nasema wapi tulikosea.

Kila Aprili timu zinajipanga foleni na kuchagua vijana wa vyuo. Iliyovurunda zaidi msimu uliopita ndiyo inatangulia. Sisi tumetangulia mara nyingi mpaka aibu.

Sasa shida. Mmoja wa wasaka vipaji, yaani maskauti, wanaowaleta hao vijana, miaka kumi na tisa sasa, ni Lester Juhasz. Baba yangu mzazi.

Sikuwahi kuandika jina lake. Sikuwahi kuandika jina la skauti yeyote. Kusema kweli, nilijiambia napima wachezaji, sipimi watu.

Halafu akaja meneja mpya, Prescott Vail, akausoma ukurasa wangu, akatangaza kwamba skauti mmoja ataondoka kabla ya uteuzi wa mwaka huu.

Haya. Sasa ni Jumatano, asubuhi ile ile, soksi ile ile moja.

Redio ilikuwa inaongea juu ya friji. Mama anamimina kahawa. Baba amekaa kwenye kiti chake, anatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye kikombe, kama anavyofanya kwenye viwanja vyote vya Indiana na Ohio.

"Na hapa Mizani anasema," mtangazaji akasoma, "Kosa Namba Moja la miaka kumi na moja ni Corbin Ashlock. Mdakaji asiyedaka. Tulitoa nafasi tatu za baadaye ili tupande kwenye foleni tumchukue raundi ya kwanza. Alidaka mipira tisa, akaondoka. Alama: sifuri."

Baba akapunguza sauti ya redio.

"Huyu mtu anajua kuandika," akasema.

Nikaanza kutafuta soksi ya pili.

"Ila ana kilema kimoja. Kila akitaka kukwepa kitu anaanza na 'kusema kweli'." Akaniangalia. "Wewe kutwa uko kwenye simu. Unamjua?"

"Simjui, baba."

"Humjui kabisa?"

"Kusema k... hapana. Simjui."

Mama akaacha kumimina. Baba akatema ganda.

"Basi nisaidie," akasema. "Nataka kumjibu. Mimi hayo mambo ya kurasa siyawezi."

Akanisukumia simu yake ya kazini, ile anayotumia kupiga na kupokea tu. Nikamfungulia akaunti. Hebu fikiria. Namfungulia baba yangu akaunti ili anijibu mimi.

"Jina niweke nani?"

"Lester."

"Baba, watakufukuza."

"Wananifukuza hata hivyo. Haya, weka Mbegu."

Akafumba macho, akaanza kunitamkia niandike. "Bwana Mizani. Umesema tunapenda sana wenye mbio na tunawasahau wanene wa mstari wa mbele. Hapo umepatia. Timu yenye wadakaji bila walinzi ni nyumba yenye mapazia bila madirisha. Andika vile vile, usirembe."

"Naandika."

"Umesema tunauza nafasi tatu za kesho ili tupate moja ya leo. Umepatia tena. Wapo waliopinga mle kwenye chumba cha uteuzi. Hawakusikilizwa. Umeandika?"

"Hawakusikilizwa. Nimeandika."

"Ila wewe unapima baada ya mvua. Sisi tunapanda tukiangalia wingu. Na kijana hapimwi kabla ya miaka mitatu. Wewe mwenyewe ungepimwa ukiwa na miaka kumi na saba ungepata ngapi? Weka nukta. Tuma."

Nikatuma.

Simu yangu ilikuwa mezani, karibu na sukari. Ikatetemeka papo hapo. Ikajizungusha kidogo mpaka ikagusa kisahani cha baba.

Baba akaitazama.

"Simu yako inaita."

"Matangazo tu, baba."

"Matangazo ya siku hizi yana haraka."

Nikaichukua, nikaikalia. Mtu mzima, nimekalia simu kama kuku.

"La Ashlock hujajibu," nikasema, ili niseme kitu. "Ndilo lililowasha moto."

"Hilo liache."

"Baba, ndilo litakalokufukuzisha. Kila mtu anasema nyota ilikuwa yako."

Hapa niwaeleze. Kwenye chumba cha uteuzi kuna ubao mkubwa wenye majina yote. Kila skauti ana nyota moja nyekundu ya sumaku. Moja tu kwa mwaka. Ukiibandika kwenye jina la kijana maana yake ni: huyu nimemwekea shingo yangu. Ukishaibandika huitoi.

"Ilikuwa yangu," baba akasema.

"Uliona nini kwa Ashlock?"

Akainuka, akachukua koti.

"Niliona kitu," akasema. "Kabichi hiyo msinimalizie." Akatoka.

Mama alikuwa ameshaanza kuchemsha majani ya kabichi ya kufungia nyama. Nikamgeukia.

"Mama, kwa nini alimpa Ashlock nyota?"

"Muulize babako."

"Si umesikia amekataa?"

"Basi ujue kuna sababu. Nipe ile sufuria."

Nikampa sufuria, nikaenda gereji.

Baba anaandika ripoti zake kwa penseli kwenye kadi ngumu, halafu ofisini wanazinakili. Kadi zenyewe anaziweka kwenye maboksi ya viatu, kila boksi na mwaka wake. Tangu utoto nimeambiwa nisiziguse. Ni siri za timu, mkataba umesema hivyo, ikivuja moja tu mtu hana kazi.

Nikazigusa.

Nilijiambia natafuta kitu cha kumwokoa. Labda nitakuta kwamba hakumtaka Ashlock, wakubwa walimlazimisha. Nitapata ushahidi, Mizani itaandika, mji mzima utamwomba radhi, tutakula kabichi kwa amani.

Boksi la miaka sita iliyopita. Kadi ya kwanza niliyoishika ilikuwa ya Wendell Okray, mlinzi wa mstari, bonge la mtu, leo ni nahodha wa wapinzani wetu. Baba alikuwa ameandika: "Hachekeshi, hakimbii, haanguki. Mchukueni. Nyota yangu hapa."

Halafu "nyota yangu hapa" ilikuwa imekatwa kwa mstari.

Kadi ya pili: Ashlock. "Miguu ya swala, mikono ya sabuni. Mpira ukimkaribia anafumba macho. Raundi ya tano, na hata hapo ni bahati nasibu."

Nikaruka. Nawaambia niliruka kweli, nikagonga kichwa kwenye baiskeli inayoning'inia. Aliona. Mzee aliona kila kitu, mpaka macho kufumba. Mimi nilihitaji misimu miwili ya video kuligundua hilo, yeye aliliona akiwa jukwaani na mbegu zake.

Nikatoa simu nipige picha. Nikageuza kadi nione kama kuna cha nyuma.

Kilikuwepo. Mwandiko ule ule, penseli ile ile, tarehe ya Aprili.

"Nolan amekula leo. Ameongea dakika arobaini juu ya huyu kijana. Nyota naihamishia hapa."

Nikakaa chini, kwenye saruji.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na saba. Mimi mwenyewe nilikuwa mdakaji, shuleni. Januari goti likakatika. Daktari akasema kutembea utatembea, mpira sahau. Nikaingia chumbani nikafunga mlango. Nilikuwa sili, na nilikuwa siongei. Hilo la kutokuongea nalikumbuka. Kilichofuata nilikuwa nimekisahau, au nilijisahaulisha.

Kulikuwa na kijana mmoja wa chuo kidogo Indiana. Nilikuwa namwangalia kwenye simu, video zile zile, mchana kutwa. Alikuwa anakimbia kama nilivyokuwa nataka kukimbia. Siku moja baba alikuja na sahani akakaa kwenye kona ya kitanda. Nikamwambia, baba, mchukueni huyu. Baba, muangalie anavyogeuka. Nikaongea, nikaongea, na huku nakula.

Corbin Ashlock.

"Umeipata," mama akasema. Alikuwa mlangoni na kijiko cha mbao.

"Mama, alijua hafai."

"Alijua."

"Sasa kwa nini?"

"Ulikuwa hujafungua mdomo miezi miwili, Nolan. Hata kuniomba maji." Akajifuta mikono kwenye aproni. "Akaniambia, Ilona, nyota yangu hawaisikilizi miaka yote, mwaka huu haitaumiza mtu. Watamchukua chini kabisa, raundi ya tano, mtoto atafurahi, atakuwa na mtu wa kumshangilia. Basi."

"Lakini wakamchukua raundi ya kwanza."

"Bosi wa wakati ule alipoiona nyota ya Lester kwenye jina la mkimbiaji akapagawa. Akasema Lester huyu hajawahi kumpenda mtu mwenye mbio, akimpenda mmoja ujue ni hatari. Wakauza nafasi tatu hapo hapo. Babako akasimama, akasema hapana, raundi ya tano nimesema. Wakamwambia kaa, mzee, usiwe mnyenyekevu."

Nikaangalia simu yangu. Pale kwenye ukurasa, juu kabisa, nimeandika mwenyewe kwa kidole changu: Kosa Namba Moja.

"Na alipochaguliwa," mama akasema, "ulipiga kelele mpaka majirani wakaja. Hukumbuki?"

Nilikumbuka. Baba alikuwa amenipigia simu kutoka kule chumbani, nami nikapiga kelele kwenye sikio lake. Yeye akasema tu, "Umefurahi? Basi vizuri."

"Anajua ni mimi?" nikauliza. "Mizani. Anajua?"

Mama akaangalia kijiko chake.

"Mimi najua tangu mwaka juzi," akasema. "Yeye sijamuuliza. Naogopa kumuuliza."

Kesho yake nikaenda. Msiniulize kwa nini nilienda. Nilijiambia naenda kumtetea. Nilivaa shati la harusi ya binamu yangu, na kwenye mfuko wa ndani wa koti niliweka kadi ya Ashlock.

Njiani nilipiga hesabu mara kumi. Nikitoa kadi, Vail ataona upande wa mbele: Lester alijua, Lester ana jicho kuliko wote. Lakini kadi ni ya siri, kuwa nayo tu ni kosa la baba. Na mtu akishika kadi lazima aigeuze. Akiigeuza atasoma kwamba skauti wa timu alimpa nyota mtu asiyefaa, kwa makusudi, ili mwanawe ale. Hiyo hakuna timu inayoisamehe.

Nikiacha kuitoa, anaondoka kama mzee asiyeona.

Sikupata njia ya tatu. Kama wewe unaiona, ulikuwa wapi Alhamisi?

Vail alinipokea mwenyewe. Miaka thelathini na sita, raba nyeupe, anatembea kama sakafu inaunguza.

"Mizani," akasema. "Nilidhani utakuwa lizee lenye hasira. Jina lako hasa?"

"Nolan."

"Nolan, kaa. Nimekusoma yote, miaka kumi na moja yote. Una jicho."

Mama yangu! Maneno mawili ambayo nimeyasubiri tangu goti likatike, na yakaja siku hiyo.

"Asante," nikasema.

"Nataka watu wanaoona. Hawa wangu wanasafiri maili elfu moja kwenda kunusa nyasi. Nina nafasi moja. Unaanza Jumatatu."

"Nafasi ya nani?"

Akawasha skrini. Ukurasa wangu ukajaa ukutani, alama zangu zote, na pembeni ya kila jina alikuwa ameweka kitu ambacho mimi sikuweka: picha ya skauti aliyemleta. Sura ya baba ilikuwepo mara nne. Picha ya zamani, ana nywele.

"Ya skauti wa Kati-Magharibi, Indiana na Ohio," Vail akasema. "Lester Juhasz. Mtu mzuri. Ila hesabu zako ndizo zilizomhukumu, siyo mimi."

"Mimi sikumtaja."

"Hukuhitaji."

"Sikiliza, bosi. Hilo la Ashlock. Nadhani huyo skauti hakumtaka raundi ya kwanza."

Vail akageuka. "Umejuaje?"

Mkono wangu ukaenda kwenye mfuko wa ndani. Nikaigusa kadi, kona yake ikanichoma kidole.

"Nahisi tu," nikasema.

"Hisia ninazo chumba kizima. Wewe niletee hesabu." Akaangalia saa. "Skauti wanaingia sasa hivi, wote sita. Nataka uwasomee mwenyewe, uanze na Ashlock. Wasikie kwa mtu wa nje, wasiseme namwonea mtu."

"Sasa hivi? Bosi, subiri. Mimi jina langu la pili..."

Mlango ukafunguliwa.

Wakaingia mmoja mmoja, wanataniana. Wa kwanza akasema kahawa ya hapa ni adhabu, wa pili akamwambia basi acha kujaza vikombe viwili. Kila mmoja akatoa nyota yake nyekundu mfukoni, akaiweka mezani mbele yake. Ndio desturi yao ya kikao cha mwisho.

Baba aliingia wa mwisho, na kikombe cha maganda.

Akaniona.

Hakusimama wala hakukunja uso. Alipunguza hatua tu, kama gari linalopita mbele ya shule.

"Mabwana," Vail akasema, "huyu ndiye Mizani."

Kicheko kikakatika. Skauti wa kahawa akanitazama kuanzia viatu. "Ndiyo haka? Haka kananinyima usingizi?"

Vail akaona kitu. Ni mwepesi, yule. Alikuwa anaangalia uso wa baba, halafu wangu, halafu wa baba kule ukutani, mwenye nywele.

"Lester," akasema. "Mnajuana na huyu kijana?"

Nilitaka kusema. Nawaapia nilitaka. Nilimwangalia baba nikimwomba aseme ndiyo, mwanangu huyo, mtoeni nje, mpigeni kofi, chochote.

Baba akavuta kiti. Akakaa mbele kabisa, usawa wangu.

"Simjui," akasema.

Akaingiza mkono mfukoni akatoa nyota yake. Rangi ilikuwa imebanduka kwenye ncha mbili, ile ile ya miaka kumi na tisa. Hakuiweka mbele yake kama wenzake. Aliiweka chini ya kidole na kuisukuma juu ya meza, polepole, mpaka ikagusa mkono wangu.

"Kijana wa watu hana nyota," akamwambia Vail. "Atumie yangu. Mimi naona mwaka huu sina kazi nayo."

Vail akabonyeza kitufe.

Corbin Ashlock akajaa ukutani, anakimbia, mpira uko hewani. Picha niliichagua mimi. Ukiangalia vizuri, macho ameyafumba.

"Anza," Vail akasema. "Waambie lilikuwa kosa la nani."

Baba akachomoa penseli nyuma ya sikio, akatoa kadi mpya, kama anavyofanya akianza kumpima kijana, akaandika juu jina ambalo sikuweza kulisoma kutoka pale nilipokuwa. Akatema ganda kwenye kikombe.

"Haya, bwana mdogo," akasema, bila kuinua macho. "Kusema kweli tu. Usirembe."

Mkono mmoja ulikuwa juu ya nyota. Wa pili ulikuwa ndani ya koti, juu ya kadi.

Nikafungua mdomo.